Karatasi Zilizoponea Moto wa Jikoni

Mwaka 1982 karatasi moja ilitosha kumpeleka mtu gerezani nchini Kenya. Si lazima awe ameiandika au ameichapa. Kupatikana nayo kulitosha. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta, alikamatwa Juni mwaka huo, na Oktoba akahukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kosa la kuwa na waraka wa uchochezi. Mhadhiri wa sheria Willy Mutunga alishikwa kipindi hichohicho kwa ajili ya kijikaratasi cha kumkumbuka J.M. Kariuki, mbunge aliyeuawa mwaka 1975, kisha akazuiliwa bila kesi. Huyo Mutunga ndiye aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa nchi mwaka 2011.

Nimeanza na hofu kwa makusudi. Ukitaka kukusanya magazeti ya siri ya miaka hiyo, jua kwanza kwamba hofu ndiyo iliyochagua kipi kibaki na kipi kipotee. Watu walisoma usiku, wakampasia jirani waliyemwamini, na alfajiri karatasi ikatumika kuwashia jiko. Nyingine zilitumbukizwa chooni. Nakala unayoiona leo imekufikia kwa sababu mtu fulani, akijua vizuri gharama yake, alikataa kuichoma. Ushauri wangu wote unatoka hapo: kusanya gazeti pamoja na habari za aliyelificha. Ukilichukua gazeti ukaiacha habari hiyo, umechukua nusu.

Nasema haya nikiwa Migosi, na sidhani kuna mtaa wa Kisumu unaofaa kuanzia kuliko huu. Migosi ulitokana na mpango wa kugawa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma, ili mwenye kiwanja ajijengee polepole kadiri ya mfuko wake. Nyumba nyingi za mwanzo zilisimama miaka ya 1980, na walioingia ndani yake walikuwa walimu, makarani, wauguzi, wafanyakazi wa reli na wa bandari. Yaani watu waliojua kusoma, waliokuwa na mshahara wa kununulia gazeti, na waliokuwa na kazi ya kupoteza wakionekana na gazeti lisilofaa. Leo wenye nyumba hizo ni wazee. Wengi wamerudi nyumbani mashambani, wengine wametangulia mbele ya haki. Nyumba za chini zinabomolewa ili yapande maghorofa ya kupangisha, na siku fundi anapong'oa dari, kila kilichokuwa juu yake huenda jalalani. Mwenye nia ya kazi hii asingoje mwaka ujao.

Sasa unatafuta nini hasa? Jina ambalo kila mkusanyaji hulitaja kwanza ni Pambana, gazeti la Vuguvugu la Desemba Kumi na Mbili, lililotoka Mei 1982. Mwezi uliofuata Bunge lilibadilisha Katiba na kuifanya Kenya kisheria kuwa nchi ya chama kimoja. Agosti mosi wanajeshi wa angani wakajaribu kuipindua serikali. Na msako uliofuata ulifanya nakala za Pambana ziwe moto mkononi. Toleo la pili lilitoka Julai 1983. Ukiambiwa mtu ana Pambana, uliza mara moja ni toleo lipi, kwa kuwa kuwa na Pambana kabla ya Agosti 1982 na kuwa nayo baada ya hapo ni habari mbili tofauti.

Baadaye likaja kundi la Mwakenya, yaani Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya, na gazeti lake la Mpatanishi. Kuanzia Machi 1986 watu walikamatwa kwa makumi. Wengi walipitia vyumba vya mateso vya jengo la Nyayo House jijini Nairobi, wakafikishwa mahakamani jioni bila wakili, wakakiri, wakafungwa siku hiyohiyo. Yalikuwepo mashtaka ya kumiliki Mpatanishi, ya kuisoma, hata ya kujua kwamba fulani anayo ukanyamaza. Ndiyo maana nakala zake ni adimu kuliko idadi ya watu waliofungwa kwa ajili yake. Mara nyingi utakachokipata si gazeti lenyewe, ni hati ya mashtaka, nakala ya hukumu, barua ya kuachishwa kazi, au kadi ya kumtembelea mfungwa. Chukua hivyo vyote kwa uzito uleule. Barua ya mwajiri inayomwachisha mwalimu kazi mwaka 1986, ikiwekwa kando ya kipande cha Mpatanishi, hueleza jambo ambalo kipande peke yake hakiwezi.

Kulikuwa pia na karatasi zilizotoka nje. London, Kamati ya Kutetea Kuachiliwa kwa Wafungwa wa Kisiasa Kenya, iliyoongozwa na John La Rose, ilitoa jarida la Kenya News, na Wakenya waliokuwa uhamishoni walishiriki humo, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwamo. Nakala zilizoingia nchini ziliingia kwa mikono ya wasafiri. Kama familia unayoizungumzisha ilikuwa na mwanafunzi au mhudumu wa ndege Ulaya miaka hiyo, uliza kuhusu mizigo aliyokuja nayo likizoni.

Wakusanyaji wengi hukwama hapo, wakidhani kilicho halali hakistahili kukusanywa. Mimi nadhani kinyume. Magazeti yaliyosajiliwa, yenye anwani na jina la mhariri, yaliwindwa karibu sawa na yale ya siri, na hayo ndiyo utakayoyapata kwa wingi Migosi. Beyond, lililotolewa na Baraza la Makanisa, lilipigwa marufuku Machi 1988 baada ya kuandika wazi kuhusu wizi wa kura katika uchaguzi wa mlolongo, yaani wa kupanga foleni. Marufuku hiyo iligusa matoleo yote, yaliyopita na yajayo, hivi kwamba mtu aliyelinunua kihalali Januari akawa mhalifu Machi bila kuinuka kitini. Mhariri wake Bedan Mbugua alifungwa, kisheria kwa kosa la kutowasilisha hesabu za mauzo. Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara, lililoanza 1987, likapigwa marufuku Septemba 1990. Society la Pius Nyamora na Finance la Njehu Gatabaki yalinyang'anywa matoleo kwa maelfu mwaka 1992 na 1993, wakati ambapo vyama vingi vilikuwa tayari vimeruhusiwa. Mwaka 1993 polisi walikwenda hadi kwenye kiwanda cha uchapaji cha Fotoform jijini Nairobi wakaing'oa mitambo vifaa vyake ili isichape.

Fikiria basi muuza magazeti wa kituo cha mabasi, analiweka Finance chini ya rundo la magazeti ya siku na kumtolea mteja anayemjua tu. Nakala iliyouzwa hivyo mara nyingi imekunjwa mara nne, kwa sababu ilisafiri mfukoni. Usiuone mkunjo huo kama kasoro, wala usiunyooshe kwa pasi. Uandike kwenye maelezo yako.

Kwa Kisumu kuna jambo jingine lisiloepukika. Februari 1990 Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje na mbunge wa mji huu, alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukapatikana karibu na kilima cha Got Alila. Mji uliwaka. Uchunguzi uliofuata ulivunjwa na Rais Novemba 1991 kabla haujafika mwisho. Nyumba nyingi za hapa zilihifadhi magazeti ya miezi hiyo, hata zile ambazo hazijawahi kuweka gazeti jingine lolote: ya kila siku, ya kila juma, vipande vilivyokatwa kwa mkasi, vijikaratasi visivyo na jina la mwandishi. Wakati mwingine yote hayo yamefungwa kwa kamba ya katani ndani ya sanduku la bati la shule. Rundo la namna hiyo usilifungue na kulipanga upya kwa tarehe. Mpangilio wa mwenyewe ndio ushahidi wa jinsi alivyoisoma habari: alianza wapi, aliruka nini, aliacha lini kukusanya. Lipige picha kama lilivyo, andika namba ndogo kwa penseli nyuma ya kila karatasi kwa mfuatano uleule, ndipo uendelee.

Iko pia hazina ya zamani zaidi inayosahaulika kwa sababu ya lugha yake. Tangu mwisho wa Vita Vikuu vya Pili hadi Hali ya Hatari ya 1952, Waafrika wa Kenya waliendesha magazeti mengi madogo kwa lugha zao. Kwa Kikuyu kulikuwa na Mumenyereri la Henry Muoria. Kwa Dholuo kulikuwa na Ramogi, ambalo Achieng Oneko alilihariri, na Nyanza Times, yaliyohusiana kwa karibu na kampuni ya Luo Thrift and Trading aliyoianzisha Oginga Odinga mwaka 1947. Wahindi wenye msimamo mkali walikuwa na Daily Chronicle, ambamo Makhan Singh na Pio Gama Pinto walitia mkono, na mitambo ya uchapaji ya Wahindi ndiyo iliyochapa magazeti kadhaa ya Waafrika wasiokuwa na mashine. Ilipotangazwa Hali ya Hatari, Oneko alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta, Mumenyereri likafungwa, na Muoria, aliyekuwa London, akabaki huko. Nakala moja ya gazeti la Dholuo la miaka hiyo ina thamani kubwa kwangu kuliko boksi zima la majarida ya Kiingereza ya 1992, kwa kuwa yale ya Kiingereza yako pia maktabani Marekani na Uingereza. La Dholuo huenda likawa limebaki kwenye Biblia ya dani, yaani bibi, mmoja huko Alego na si pengine popote. Kama husomi Dholuo, tafuta mwenzako anayeisoma vizuri, na asiwe kijana wa kukutafsiria vichwa vya habari tu.

Tuje kwenye kuitambua karatasi yenyewe. Gazeti la siri la miaka ya 1980 halikupita kwenye kiwanda. Mtu alipiga taipureta bila utepe kwenye karatasi ya stensili yenye nta, herufi zikatoboa nta, kisha stensili ikavingirishwa kwenye mashine ya saiklostaili, ileile iliyokuwa katika kila shule ya sekondari kwa ajili ya mitihani. Wino hupenya kwenye nyuzi za karatasi. Pitisha kioo cha kukuzia: pembe za herufi zimetawanyika kidogo, matumbo ya "e" na "o" yamejaa, na mstari mmoja huenda ni hafifu kuliko mwingine kwa sababu mpigaji alichoka vidole. Karatasi ni nene, yenye kunyonya wino, na mara nyingi ni ndefu kuliko tunayoitumia sasa, ile ya kufulskepu. Fotokopi ni kitu kingine. Unga wake mweusi hukaa juu ya karatasi na kung'aa ukiinamisha kwenye mwanga, na ukitazama pembeni utaona kivuli cha mkunjo au cha pini ya nakala iliyotangulia. Usiidharau fotokopi. Gazeti lililotolewa nakala ya nakala mara tano linakuonyesha lilivyosambaa. Lakini usiuziwe fotokopi ya mwaka juzi kwa bei ya stensili ya 1983.

Wakati mwingine aina ya taipureta hujirudia. Ukiona herufi moja imepinda vilevile katika vijikaratasi viwili vyenye majina tofauti, andika jambo hilo na unyamaze nalo kwa sasa. Makachero wa miaka ile walitafuta watu kwa kulinganisha taipureta, na mtu aliyepona wakati huo hapaswi kufichuliwa na mkusanyaji wa leo.

Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na kukusanya stempu au sarafu. Unaingia nyumbani kwa watu walioumizwa. Usiende mikono mitupu na usiende peke yako. Nenda na mtu anayejulikana nyumbani humo, salimia kwa lugha ya hapo, kaa, kula ukikaribishwa. Siku ya kwanza usitaje karatasi. Mwambie jaduong', yaani mzee wa nyumba, unataka kusikia habari za mtaa ulivyoanza, nani alijenga kwanza, maji yalitoka wapi, nani alihamishwa kazi ghafla. Habari za kufutwa kazi zitaleta habari za kukamatwa, na habari za kukamatwa zitaleta habari za karatasi, zikija. Zisipokuja siku hiyo, rudi siku nyingine. Wapo wazee wanaoamini hadi leo kwamba kumiliki kitu kama Pambana ni kosa. Waeleze kwa utulivu kwamba vifungu vya uchochezi viliondolewa kwenye sheria za Kenya mwaka 1997, na kwamba vyumba vya Nyayo House vyenyewe vilifunguliwa umma uvione mwaka 2003. Usishangae wakikusikiliza, wakaitikia, kisha wakakuambia hawana kitu. Binti yao huenda akakupigia simu baada ya miezi mingi.

Wala usiende kwenye matanga kuuliza kuhusu sanduku la marehemu. Nalisema kwa sauti kwa kuwa nimesikia linafanywa, nalo ni aibu. Kwenye matanga mali za marehemu bado hazijagawanywa, na ukitokea na pesa mkononi unaweza kuanzisha ugomvi kati ya mjane na shemeji zake kuhusu makaratasi ambayo hakuna aliyeyajali juzi. Ngoja. Familia ikishatulia, zungumza na mjane kwanza, maana kwa kawaida yeye ndiye aliyeyaficha. Wanaume walikamatwa, wanawake ndio waliobaki na nyumba iliyokuwa imepekuliwa, na ndio waliojua lililo chini ya mtama kwenye dero, yaani ghala la nafaka, lililoshonewa ndani ya godoro, na lililopelekwa kwa mama mzazi kijijini. Ukizungumza na mzee peke yake utapata hotuba ya siasa. Ukizungumza na mama utajua karatasi zilipita wapi.

Maswali ya kuuliza ni machache na yaulizwe kwa upole. Ulilipata kwa nani, au kwa mtu wa aina gani, kama hutaki kumtaja? Mlilisoma wangapi? Lilikaa wapi, na lilihamishwa lini? Kuna lililochomwa, na unakumbuka lilikuwa na nini? Swali hili la mwisho watu hulisahau, ilhali majibu yake ndiyo orodha pekee ya magazeti ambayo hatutayaona tena. Rekodi sauti kama umeruhusiwa, katika lugha anayoitumia msimulizi mwenyewe, hata akichanganya Dholuo, Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja. Tarehe ya mazungumzo itajwe mwanzoni mwa rekodi.

Baada ya hapo amua, pamoja naye, nini kitabaki siri. Pembezoni mwa karatasi hizi mara nyingi pana majina yaliyoandikwa kwa kalamu: nani apelekewe, nani amelipa, nani haaminiki. Jina la yule asiyeaminika huenda ni la mzee anayeketi kanisani viti viwili mbele ya msimulizi wako. Usilipige picha ukaliweka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Tengeneza picha mbili za kila ukurasa, moja kamili ya kufungiwa na nyingine iliyofunikwa majina ya kuonyeshwa watu, na uandike ni mwaka gani ile kamili inaweza kufunguliwa. Miaka thelathini ni kipindi cha heshima. Iwapo msimulizi atataka iwe baada ya kifo chake na cha mkewe, iwe hivyo.

Na kama hataki karatasi itoke nyumbani kwake? Basi isitoke. Ipige picha mezani pake, mchana, kwenye kivuli cha veranda, simu ikiwa sambamba kabisa na karatasi, bila mwanga wa kamera, na rula pembeni ili kipimo kionekane. Piga mbele, nyuma, na bahasha au kitambaa kilichoifunga. Mkusanyaji anayelazimika kumiliki kila anachokiona hatadumu katika kazi hii, wala hataaminiwa na nyumba ya pili.

Kuhusu pesa nina msimamo mkali. Usinunue kwa ukurasa. Siku utakapofanya hivyo, seti zitavunjwavunjwa na vielelezo vitakatwa ili viuzwe kimoja kimoja. Kama familia ina shida na inataka kuuza, nunua rundo zima kwa bei mliyokubaliana mbele ya shahidi, na uwaachie nakala nzuri ya kila kitu. Soko la Kibuye siku ya Jumapili na wauza vitabu vya zamani wa barabarani bado wanafaa kutembelewa, hasa kwa majarida ya 1990 hadi 1997. Ukimkuta muuza karatasi za kufungia nyama au njugu, zungumza naye mapema, umlipe kidogo zaidi ya bei ya kilo, naye atakuwekea marundo ya zamani kabla hayajakatwa.

Karatasi ikishakufikia, adui wake ni Kisumu yenyewe. Joto la mchana hukaribia nyuzijoto 30 karibu mwaka mzima, unyevu wa ziwa haupungui sana, na dari chini ya mabati ni tanuri mchana. Kwa hiyo zishushe karatasi kutoka darini. Weka maboksi kwenye chumba cha ndani chenye hewa, kwenye rafu ya chuma iliyoinuka angalau kiganja na nusu kutoka sakafuni na isiyogusa ukuta, kwa sababu mchwa hupanda kwa ukuta na maji ya masika huingia kwa sakafu. Kagua kila juma wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka. Usitumie mifuko ya plastiki ya kawaida, kwa kuwa unyevu hufungiwa ndani na ukungu huanza. Bahasha na majalada ya karatasi isiyo na asidi huagizwa Nairobi. Usipoyapata, karatasi nyeupe safi ya fotokopi ikiwekwa kati ya ukurasa na ukurasa ni bora kuliko kutoweka kitu.

Toa pini za stepla zenye kutu kwa kuzinyoosha miguu yake kwa upole nyuma ya karatasi, pasipo kuzivuta. Usitie seloteipu kamwe, maana gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi. Usitie laminesheni, ni kuizika karatasi hai, na haifukuliki. Boksi likija na wadudu, litie kwenye mfuko uliofungwa barabara, uutoe hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa majuma mawili, kisha uliache lizoee joto siku nzima kabla ya kufungua ili maji yasijikusanye kwenye kurasa.

Kitu kimoja hakingoji hata kesho: faksi. Mwaka 1991 na 1992, wakati vuguvugu la upinzani la FORD na wanaharakati wakipigania vyama vingi, taarifa nyingi zilisafiri kwa faksi, kwenye ile karatasi inayong'aa inayojikunja. Karatasi hiyo haina wino. Maandishi yake yalitokana na joto, na joto la Kisumu linayafuta. Nyingi tayari ni rangi ya majivu tupu. Ukiipata, ipige picha papo hapo kabla ya kuketi, kisha itolee fotokopi, na uihifadhi pamoja na nakala yake.

Picha zote zihifadhiwe mahali pasipopungua patatu, mahali pamoja kati ya hapo pakiwa nje ya nyumba yako, na jina la faili lieleze gazeti, tarehe, ukurasa na namba ya mwenye karatasi, wala si jina lake. Usikimbilie kuyatangaza kwenye mtandao. Sheria ya hakimiliki ya Kenya huilinda kazi ya mwandishi asiyejulikana kwa miaka 50 tangu ilipochapishwa, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inawalinda walio hai waliotajwa humo. Kumwonyesha mtafiti mezani kwako ni jambo jingine kabisa.

Mwisho wa yote, fikiria siku ambayo hutakuwepo, kwa sababu watoto wako huenda wakalitazama boksi hili kama watoto wengine walivyolitazama la baba yao. Shiraz Durrani, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekimbilia Uingereza mwaka 1984, aliendelea kukusanya na kuandika kuhusu uchapaji wa wapinzani; tangu 2017 iko Maktaba ya Ukombozi jijini Nairobi inayohifadhi machapisho ya namna hiyo na kuyafungua kwa vijana. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya vitabu na nyaraka kwa maisha yake yote, na vingi viko leo katika Nyaraka za Taifa. Hapa kwetu iko ofisi ya Nyaraka za Taifa Kisumu, na Chuo Kikuu cha Maseno kiko mwendo mfupi.

Popote utakapochagua, usipeleke boksi mlangoni na kuondoka. Andika barua ya kukabidhi, nakala mbili, zitiwe sahihi na pande zote. Iseme ni vipande vingapi, vipi vimefungwa na hadi mwaka gani, nani anaruhusiwa kupiga picha, na kwamba familia zilizotoa zitapewa nafasi ya kuviona bila malipo wakati wowote. Iseme pia kwamba taasisi ikishindwa kuvitunza itavirudisha Kisumu, kwa mtu aliyetajwa kwa jina. Fotokopi ya nakala yako ya barua hiyo ipeleke kwa kila nyumba iliyokupa karatasi, uisome kwa sauti kwa lugha wanayoielewa, na uwaachie.